Gari haliwaki na fundi kasema pampu ya mafuta: pima kwanza, nunua baadaye

"Kaka, pampu imekufa hii. Toa hela tukalete nyingine."

Maneno hayo niliambiwa Toyota IST yangu ikiwa imelala pembeni mwa barabara saa kumi na mbili jioni, foleni yote ikinipigia honi. Nikauliza, "Umeipima?" Fundi akacheka tu. Nikanunua pampu, ikafungwa, gari halikuwaka. Saa mbili baadaye ikaonekana waya wa alamu chini ya dashibodi, uliosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu, umeachia. Pampu ile ya zamani ninayo mpaka leo, nzima.

Tangu siku hiyo, kila jirani anayeniambia "nimeambiwa ni pampu" namuuliza swali lile lile. Wengi hawajapima. Pampu huwa inakufa kweli, ila inasingiziwa mara nyingi kuliko inavyokufa.

Ninachoandika kinahusu magari madogo ya petroli yaliyojaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Raum, Fielder, Premio za injini ya kawaida na mengine ya aina hiyo, yenye pampu ya umeme ndani ya tanki. Dizeli ni habari nyingine kabisa.

Kwanza, moto

Petroli hutoa mvuke hata kukiwa na baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea. Unashuka, unatambaa chini, na unaweza kulifikia jiko la mkaa la jirani wakati wewe umeinamia siti ya nyuma hujui lolote. Kwa hiyo kazi yoyote ya kufungua tanki ifanyike nje, milango yote wazi, watoto wakiwa mbali. Jiko, jenereta, sigara na simu inayochajiwa ndani ya gari vikae mbali pia. Tumia tochi ya betri. Balbu ya waya ikidondoka na kupasuka, umeshawasha kiberiti. Mtungi wa kuzimia moto uwe pembeni yako, usiwe kwenye buti chini ya mizigo.

Jambo la pili, ambalo kwetu limezoeleka kupita kiasi: usinyonye petroli kwa mdomo na kipande cha mpira. Ikipenya kwenye mapafu, hata kidogo, inaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta haina gharama ya kutisha.

Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki

Dalili hii ndiyo inayouza pampu nyingi zisizohitajika, na chanzo kimoja ni kipimo kinachotumiwa vibaya. Watu wameambiwa: weka swichi ON, tulia, sikiliza nyuma, ukisikia "zziii" ya sekunde mbili pampu ni nzima, usiposikia imekufa. Kwa magari mengi ya Ulaya ni kweli. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 si kweli. Kompyuta ya injini haiipi pampu umeme mpaka stata ianze kuzunguka, kisha inaendelea kuipa kwa sababu inaona injini inazunguka. Ukimya kwenye ON unaweza kuwa hali yake ya kawaida. Sikiliza hivi: nyanyua kalio la siti ya nyuma, mmoja apige stata, mwingine aweke sikio karibu na kile kifuniko cha bati sakafuni. Mlio wa pampu unasikika, na ukigusa kifuniko unahisi mtetemo.

Ukiusikia mlio, pampu inapata umeme na inazunguka. Angalia plagi, koili na mafuta yenyewe kabla ya kuilaumu. Usipousikia, fuata mpangilio huu, kuanzia sababu ninazokutana nazo zaidi.

*Mafuta yameisha na geji inadanganya.* Usicheke. Boya la geji huchakaa, na gari likiegeshwa kwenye mteremko mafuta hukimbilia upande mmoja. Ongeza lita tano, piga stata mara tatu, pumzisha kidogo kila mara.

*Fyuzi.* Soma kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, tafuta iliyoandikwa EFI. Ichomoe, itazame kwenye mwanga. Imekatika? Weka nyingine yenye ampia zile zile. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya umegusa bodi au pampu imekwama. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge waya mahali pa fyuzi. Hapo simama, tafuta fundi umeme.

*Alamu, swichi ya siri, traka.* Huyu ni mmoja wa wakosaji wangu wakuu. Magari mengi yanayoingia kutoka Japani yakifika huku hufungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari, na njia rahisi ya kumzuia mwizi ni kukata waya wa pampu na kupitisha umeme kwenye rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, ya bei rahisi. Rilei ile ikichoka, au muunganisho ukilegea kwa mitetemo ya barabara, gari linazima mithili ya pampu iliyokufa. Baadhi ya vidhibiti mwendo hukata pampu vivyo hivyo. Pitisha mkono chini ya dashibodi, tafuta selotepu nyeusi na waya zisizofanana na za gari. Ukikuta umeme umevurugwa, rudisha waya wa asili na uunganishe kwa kulehemu kwa risasi, siyo kwa kusokota.

*Rilei.* Kwenye Toyota utakutana na ile iliyoandikwa C/OPN au ya EFI. Kama kuna nyingine pacha yake kwenye kisanduku, ya honi kwa mfano, yenye namba zile zile juu yake, badilishana kwa muda. Gari likiwaka, umejua.

*Kichwa cha waya juu ya pampu.* Chomoa, tazama pini. Ukiona nyeusi, iliyoyeyuka au yenye kutu ya kijani, hapo ndipo umeme unapopotelea. Pampu mpya ikichomekwa kwenye pini iliyoungua, nayo itazima baada ya wiki chache.

*Pampu yenyewe.* Ndiyo, iko huku chini. Kuna mbinu ya zamani: mmoja apige stata, mwingine agonge chini ya tanki kwa nyundo ya mpira au kiatu, taratibu. Likiwaka, basi brashi za mota ndani ya pampu zimeisha. Pampu imekuaga. Nenda nalo nyumbani, usiende nalo safari.

*Sensa ya krenki.* Kompyuta isipopata habari kwamba injini inazunguka, inakata pampu na cheche kwa pamoja. Kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kikionyesha P0335, pampu haina kosa.

Na kama taa ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa ukiwa umewasha swichi, gari limeukataa ufunguo. Hakuna pampu itakayotibu hilo.

*Kupima umeme kwa uhakika*

Fanya hivi tanki likiwa bado limefungwa. Chomoa kichwa cha waya cha pampu, weka mita kwenye waya mbili nene kati ya zilizopo (nyembamba mara nyingi ni za geji), mtu apige stata. Ukisoma volti 10 na kuendelea, umeme unafika. Ukisoma 6 au 7, au ukiona sifuri, tatizo liko njiani au kwenye betri. Testa ya taa ndogo inaweza kukudanganya: waya uliobaki na nyuzi mbili unaiwasha vizuri, lakini hauwezi kubeba mzigo wa pampu. Balbu ya breki ya wati 21 ni shahidi mwaminifu zaidi. Ikiwaka kwa unyonge, waya ni mbovu.

Kisha weka mita kwenye ohmu, pima pini mbili za pampu. Toyota inataka kati ya 0.2 na 3.0. Mita isiposogea kabisa, mota imekatika ndani.

Kuna wanaoipa pampu umeme wa betri moja kwa moja. Inaruhusiwa, ila isizidi sekunde 10, waya uungwe kwanza upande wa pampu na cheche ya mwisho itokee kwenye betri, mbali na tanki. Kama huna uhakika ni pini zipi, acha. Volti 12 kwenye pini ya geji zitakuachia kazi ya pili.

Asubuhi linasumbua, likishawaka linatulia

Pampu nzima ina vali ndogo inayozuia mafuta kurudi tankini ukizima gari. Injini ya 1NZ, ile ya IST na Fielder za 1500, inatakiwa kubaki na kilopaskali 147, yaani psi 21, dakika tano baada ya kuzimwa. Vali ikichoka, mafuta yanarudi usiku kucha na asubuhi stata inazungusha hewa.

Jaribio la bure: piga stata sekunde tatu, acha, piga tena. Likiwaka mara ya pili kila asubuhi, vali inashukiwa. Likiwaka kwa shida huku likitoa moshi mweusi na harufu ya petroli, nozeli moja inavuja ndani ya silinda, na hilo ni suala la nozeli. Lakini anza na betri. Betri dhaifu ndiyo inayoongoza kwa asubuhi za namna hii.

Tatizo hili linakera tu, halitakulaza barabarani. Ukiwa na mambo mengine ya kulipia, linasubiri.

Linazima likipata joto, likipoa linawaka

Unatoka Mbagala, foleni imekukamata, mchana wa jua kali. Gari linapoteza nguvu, linazima. Unakaa nusu saa, linawaka kana kwamba lilikuwa linatania. Watatu wanashukiwa: sensa ya krenki, rilei iliyochoka, na pampu. Ukiwa na mita, pima umeme pale pale wakati limegoma, kwa sababu likishapoa ushahidi umeondoka. Umeme upo na pampu kimya: ni pampu. Umeme haupo: rudi kwenye rilei na sensa.

Hapa niseme kuhusu tabia yetu ya kuishi na taa ya mafuta. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Anayeweka mafuta ya elfu tano kila siku, taa ikiwaka asubuhi na jioni, anaichemsha pampu kidogo kidogo. Robo tanki iwe ndiyo chini yako. Wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, Dar mko wengi siku hizi, mjihadhari zaidi. Kwenye mifumo mingi pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata gari likitumia gesi. Mtu anasahau petroli miezi, pampu inazunguka kavu. Muulize aliyekufungia kama kuna rilei inayoizima. Kama haipo, usikaushe tanki.

Halina nguvu mlimani

Mjini linakwenda. Ukiligusa Mlima Kitonga kule Iringa na abiria wanne, linarudi nyuma ya malori, likikanyagwa linakohoa. Anza na kichujio cha hewa, dakika mbili. Kisha plagi na koili, maana koili moja ikimisi inafanana kabisa na uhaba wa mafuta. Kisha njoo kwenye mafuta: kichujio cha ndani ya tanki kimeziba, au pampu imechoka haitoi presha.

Geji ya presha ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa 1NZ presha iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, sawa na psi 44 hadi 50, na isishuke ukikanyaga mafuta. Kufunga geji kunahitaji kiunganishi chake na kunamwaga petroli karibu na injini ya moto, kwa hiyo mimi humpelekea mwenye vifaa. Kodi ya P0171 peke yake haitoshi kuihukumu pampu. Inasema tu hewa ni nyingi kuliko mafuta, na mpira wa hewa uliopasuka unaileta vile vile.

Kama ugonjwa ulianza siku mbili baada ya kujaza mafuta, shuku mafuta. Kuchakachua kumetupa hata msamiati. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili yasichanganywe na mengine. Maji nayo ni adui, tena hukaa chini kabisa ya tanki, pale pampu inapovuta. Chukua kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo, kiache kitulie nusu saa mbali na moto. Maji yatajitenga chini.

Mlio kutoka nyuma

Mlio mdogo ni wa kawaida. Ukiongezeka siku hadi siku, hasa tanki likiwa chini, kichujio kimeanza kuziba au pampu inaisha. Jaza tanki, sikiliza tena. Ukibaki vile vile, jiandae na fedha.

Umepima, ni pampu kweli

Kabla ya spana, jiulize kama kazi hii ni yako. Mwachie fundi mwenye karakana kama injini imeandikwa D-4: hiyo ina pampu ya pili kwenye injini, ya presha mara 20 na zaidi ya hii, na mkondo wake wa mafuta unapenya ngozi. Mwachie pia kama gari ni haibridi, kama lina mitungi ya gesi karibu na tanki, kama halina tundu la kufikia pampu na lazima tanki lishushwe, au kama boliti za juu ya tanki zimeshikwa na kutu. Boliti ya tanki ikikatika, kuitoa kwa drili ni kucheza na roho.

Kununua: peleka sampuli ya pampu ya zamani au angalau namba ya chasisi, usinunue kwa jina la gari tu. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi, maboksi yanachapishwa popote. Mimi huchagua mota mpya ya ndani ya pampu kuliko pampu kamili ya mtumba isiyojulikana ilitembea wapi. Nunua pamoja nayo kichujio cha chini, kile kama soksi, na mpira wa kuzibia tanki. Mpira wa zamani ukishafunguliwa hutanuka, haurudi.

Kazi yenyewe, tanki likiwa chini ya nusu:

1. Nyanyua siti, ondoa kifuniko cha bati, puliza na ufute vumbi lote kuzunguka. Mchanga ukidondoka tankini utaua pampu mpya.
2. Kama gari bado linawaka, liwashe na uchomoe kichwa cha waya cha pampu. Litazima lenyewe. Piga stata mara moja tena. Sasa presha imeshuka.
3. Fungua mfuniko wa tanki, kisha toa waya hasi wa betri.
4. Zungushia kitambaa bomba la mafuta, bana klipu yake kwa vidole na ulivute. Usilitekenye kwa bisibisi, plastiki yake ikivunjika utanunua bomba.
5. Fungua boliti ndogo zinazoshika pampu, au pete kubwa ya plastiki kwa magari mengine. Vua pampu taratibu ukiiinamisha, maana mkono wa boya ukipinda geji itakuongopea daima. Funika tundu.
6. Piga picha kwanza, kisha hamishia mota, kichujio na waya mahali pake vile vile. Klipu zote zirudi.
7. Weka mpira mpya, rudisha, kaza boliti kwa kupishana, kidogo kidogo. Ni ndogo, zinakatika.
8. Unga bomba mpaka lilie "tak", livute kuhakikisha. Rudisha kichwa cha waya cha pampu, kisha waya wa betri. Piga stata mara kadhaa.

Usirudishe kifuniko wala siti bado. Gari likiwa limewaka, tazama juu ya pampu kwa tochi dakika kumi. Unyevu wowote, zima.

Umebadilisha, na bado

Harufu ya petroli ndani ya gari baada ya kazi: mpira umekaa vibaya au bomba halijaingia. Usiendeshe "mpaka kesho." Ukirudia mara mbili na harufu ipo, sahani ya juu ya pampu imepasuka au tanki lina ufa, lipelekwe kwa kukokotwa.

Geji haisogei: boya limebanwa na ukuta wa tanki au waya wake umesahauliwa.

Halipati nguvu ingawa pampu ni mpya: mpira mdogo unaounganisha mota na kichujio haukukaa, presha inavujia ndani ya tanki. Unaufungua tena, pole.

Na kama haliwaki kabisa na pampu mpya haitoi hata mlio, rudi chini ya dashibodi ukatafute ile selotepu nyeusi.